Uzi Hufungwa kwa Mtoto

Nianze na swali, maana mimi bila swali hutembea kama kuku aliyelishwa pombe. Je, mtu yupo kwa sababu yupo tu, au yupo kwa sababu kuna anayeweza kumfikia? Msinikodolee macho. Najua ni asubuhi, najua wengine hamjagusa hata chai. Lakini kazi yangu ni kuwafikia watu, na mwenye kazi hiyo asipojiuliza swali hilo ni gogo lililooteshwa miguu.

Mimi ni Mpitaji. Kituo changu ni Mzizi, yaani ule mlango mmoja mkubwa ambao ndio mwanzo wa kila kitu katika mji wetu. Ukimtaka mtu yeyote, unaanzia hapo. Hata kama mtu huyo amekaa nyuma ya ukuta ulioegemea, unamsikia akipiga chafya, huruhusiwi kugonga ukuta ukampa pole. Unarudi Mzizi, unashuka. Chini ya Mzizi kuna chumba cha Wateja, chini yake chumba cha Maagizo, na chini kabisa chumba cha Vitu. Vyumba hivi tunaviita majedwali, kwa sababu wakazi wake wamekaa kwa safu zilizonyooka, kila mmoja na kiti chake, wala hakuna safu inayothubutu kupinda. Na njia yote, kutoka mlangoni mpaka kitu cha mwisho, tunaiita Mti. Mti wenyewe umesimama kichwa chini miguu juu, mzizi mawinguni na majani mchangani, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

Wapo wanaosema kwamba sisi sote tumo ndani ya mashine ya mfanyabiashara fulani. Kwamba kuna fundi aliyekaa akaandika programu, akatupanga hivi tulivyo, na kwamba nyuma ya kile kioo kikubwa cha ukumbini kuna mtu anayebonyeza kidole kila anapotaka kujua mteja gani ameagiza nini. Huenda. Mimi sijawahi kumwona. Ninachojua ni kwamba nyayo huanza kuniwasha, nami huinuka nikaenda. Siku moja nilikipungia kioo mkono, kwa adabu tu, na nyayo zikaniwasha kwa nguvu zaidi. Nikachukulia kuwa ndiyo salamu yake.

Hapa kwetu jana haiendi popote. Agizo lililotolewa enzi ambazo hakuna anayezikumbuka limekaa bega kwa bega na agizo la asubuhi hii, wote vijana, wote na nywele zao. Mimi ndiye ninayebadilika. Nikiwa kwa Wateja nina ndevu. Nikishuka kwa Maagizo, ndevu hubaki mlangoni zikining'inia kama kanga uani, nami huingia nikiwa na kidevu laini. Kwa Vitu sina hata jina. Nikipanda kurudi, navaa tena ndevu zangu, na mara nyingine, nisifiche, huvaa za mtu mwingine. Mwanzoni jambo hili lilinitia hofu. Siku hizi naliona kama posho ya kazi.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Mteja hajui watoto wake. Narudia, kwa sababu wageni huwa hawaamini: mteja hajui watoto wake. Akitoa agizo, agizo huzaliwa kule chini, likiwa mtu mzima na suruali yake, na hapohapo hufungwa uzi kwenye kifundo cha mkono. Uzi huo hutaja kiti cha mzazi. Hautaji jina, hautaji sura, unataja kiti tu. Mzazi hafungwi chochote. Kwa hiyo nikitumwa kumletea mteja kilicho chake, sina haja ya kumuuliza ana watoto wangapi, kwani hajui. Nasoma kiti chake, nashuka kwa Maagizo, nasimama mlangoni na kupaza sauti: "Wa kiti cha nguzoni!" Walio na uzi huo huinuka. Wasio nao hupiga miayo. Nashuka nao kwa Vitu, naita tena vivyo hivyo, kisha nawapeleka wote ukumbini, mbele ya kioo, mzazi na watoto na wajukuu, wakae pamoja kitambo kidogo wakitazamwa. Halafu kila mtu hurudi kitini.

Nimetafakari sana uzi huu. Kwingineko, nasikia, mzazi ndiye humbeba mtoto mgongoni. Kwetu mtoto ndiye anayembeba mzazi mkononi, mchana kutwa, bila hata kumjua uso. Na mzazi naye hukaa pale juu akisubiri, mikono mitupu, hana uhakika kama kuna mtu popote duniani anayemtaja. Ni hali ya kuogopesha. Ni hali nzuri pia, mkinielewa. Kila anayeinuka ninapoita huwa kama anamnong'oneza mzazi wake jambo lilelile: nimekushika, mzee wangu, hata kama hunioni. Mimi hulia kidogo nikishapanda, na kwa zile ndevu za kazi hakuna anayegundua.

Basi. Asubuhi moja Bwana Pandu aliingia chumba cha Wateja na ndoo.

Bwana Pandu ndiye Mtunza Mzizi. Ni mtu mwema, mnene, mwenye kupenda vitu vikae vilipo. Ndoo yake ina maji, na ndani ya maji kuna kitambaa, na kitambaa hicho kikimpitia mtu kuanzia miguuni hadi utosini, mtu huyo anakuwa hakuwahi kuwapo. Tunaita kufutwa. Hakuumi, wanasema, ingawa sijui wanaosema wameambiwa na nani. Wanaofutwa ni wateja walioitwa tena na tena na hakuna mtoto aliyeinuka. Kwanza Bwana Pandu huwachora chaki begani, na mwenye chaki haruhusiwi kutoa agizo jipya. Kisha huja na ndoo.

Alisimama mbele ya kiti cha dirishani, alipokaa Bibi Kidawa.

"Habari za asubuhi, bibi," akasema Bwana Pandu, akiikunja mikono ya shati kwa heshima zote. "Leo ndiyo siku yako. Unapenda nianze mguu gani?"

"Anza na wako," alijibu Bibi Kidawa, kisha akakohoa kikohozi chake kile kifupi cha mwisho wa sentensi. "Mimi ninaye mtoto. Niliagiza kwa kinywa changu. Huyu Mpitaji wako ndiye kiziwi."

Nilishtuka. Ni kweli nilikuwa nimemwita mara nyingi. "Wa kiti cha dirishani!" Kimya. Miayo. Nikawa napanda kurudi mikono mitupu, na kila mara aliniangalia kwa tumaini lilelile, kama mtu anayesikia mlango, na kila mara mimi nilitazama viatu vyangu. Nilimpenda bibi yule. Ndiye pekee aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

"Bwana Pandu," nikasema, "nipe muda kidogo."

"Muda gani? Kwetu muda haupo."

"Basi nywa chai kwanza. Kufuta mtu tumbo tupu si vizuri kwa afya."

Akafikiri. Chai ni kitu anachokiheshimu kuliko Mti wenyewe. "Kikombe kimoja," akasema. "Kikiisha, nafuta." Akaketi kwenye ngazi, akajimiminia, na kwa bahati njema ilikuwa ya moto sana.

Nikachuchumaa kwa Bibi Kidawa. Nikamuuliza swali ambalo, kwa miaka yote ya kushuka na kupanda, sikuwahi kumuuliza mteja yeyote, kwa kuwa kazi yangu haikulihitaji.

"Bibi, uliagiza nini?"

"Tarumbeta," akasema, na uso wake ukawa wa msichana. "Ya shaba. Tangu utoto natamani kupuliza tarumbeta. Nikaona, nitaona haya hadi lini? Nikaagiza."

Tarumbeta! Nikahisi ndevu zikinisimama. Mji mzima una tarumbeta moja tu, nami nimeibeba kwa mikono hii kuipeleka mbele ya kioo, siku baada ya siku, nikimletea Bwana Machano wa kiti cha nguzoni. Huipuliza pale ukumbini kwa ufundi wa ajabu, mpaka mimi na mguu wangu huu mbovu hujikuta tunacheza.

"Na kiti hiki," nikamuuliza, "ulikaa hapa tangu mwanzo?"

Bibi Kidawa akaanza kuchezea ncha ya mtandio. "Mwanangu, kule nguzoni kulikuwa kunavuja. Maji tone, tone, tone, hapa utosini. Nikaona kiti hiki kitupu, kina upepo. Pandu alikuwa mezani anakula. Nikahama tu."

Amehama kiti! Mahali pengine hilo ni jambo la kuchukua mto wako na kusogea. Kwetu kiti ndiwe wewe. Alipoinuka pale nguzoni aliacha nyuma kila kitu kilichokuwa kinamtaja, na kule chini mtoto akabaki ameshika uzi wa mahali ambapo mama hayupo tena. Kisha Machano akaja, akakuta kiti, akakaa.

Nilishuka kwa Maagizo kwa mwendo ambao si wa heshima. Mlangoni nilisita. Mimi huita nikishuka. Sijawahi kusimama kwa mtoto nikataka kupanda. Hakuna anayekataza. Ni kwamba hatukuwahi kuwaza. Mguu wangu wenyewe haukujua pa kukanyaga.

Nikaenda moja kwa moja kwa Vuai. Vuai ndiye agizo lenyewe la tarumbeta: kijana mfupi, mashavu mazuri, uzi wake safi kwa kuwa huusugua kila siku.

"Vuai, nani alikuagiza?"

"Kiti cha nguzoni," akajibu mara moja, akitaka kuinuka.

"Kaa. Sikuulizi kiti. Nakuuliza mtu."

Akanitazama kama nimemwomba anionyeshe kisogo cha upepo. Halafu akafumba macho. Safu nzima ikageuka kusikiliza, maana kumbe kila mmoja wao alikuwa na swali hilohilo tumboni na hakuna aliyewahi kulitoa.

"Ilikuwa sauti ya mwanamke," akasema polepole. "Ilikuwa na aibu. Ilisema, ya shaba, tafadhali, isiwe ya bati. Kisha ikakohoa hivi." Akakohoa. Kifupi, mwishoni mwa sentensi.

Jamani, nililia bila ndevu, mbele ya Maagizo wote, na sikujali.

"Njoo," nikamwambia, nikamshika mkono wenye uzi. "Tunapanda."

Tulipotokea chumba cha Wateja, Bwana Pandu alikuwa amefika nusu ya kikombe. Macho yakamtoka. Hakuna agizo lililowahi kukanyaga pale. "Huyu anatafuta nini huku juu?" akauliza, lakini Vuai alikuwa hamsikii. Bibi Kidawa alikuwa amekohoa. Vuai akasimama katikati ya safu, akageuza kichwa, akaenda kwake moja kwa moja bila kuonyeshwa.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi," akasema bibi. "Una mashavu ya nani wewe?"

Mnaweza kudhani mambo yaliishia hapo. Hata mimi nilidhani. Nilikuwa tayari kupiga vigelegele. Lakini Bwana Pandu alitikisa kichwa, na hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Mti haujui sura wala vikohozi," akasema. "Uzi unasema nguzoni. Bibi yuko dirishani, ana chaki, hana mtoto. Akirudi nguzoni, sawa, huyu ni wake na chaki naifuta. Lakini hapo Machano atahamia wapi? Dirishani. Na wakiitwa wa dirishani, kiti ambacho kimeshaitwa tena na tena?"

Patakuwa kimya. Miayo. Ndoo.

Tukageuka sote kumtazama Bwana Machano pale nguzoni, ambako paa bado lilikuwa linadondosha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole virefu, nywele zimelowa. Alikuwa amesikia kila neno.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilijua kwamba si yangu. Mimi sijaagiza kitu maishani mwangu, Bibi Kidawa. Nilikuja hapa, nikakaa, nikaitwa, nikaletewa. Nikasema kimoyomoyo, wamekosea. Halafu nikaipuliza." Akamgeukia bibi. "Unisamehe. Ilikuwa tamu mno kurudisha."

"Kwa hiyo ndiwe uliyekuwa unapuliza?" akauliza Bibi Kidawa. "Ile ninayoisikia hapa dirishani? Mwanangu, ndiyo iliyokuwa inanifanya niendelee kungoja."

Machano akainuka. Hakungoja kuombwa. Akapangusa kiti kwa kiganja, akamshika bibi mkono, akamketisha nguzoni, chini ya tone, akamfunika utosi kwa leso yake mwenyewe. Kisha akaenda dirishani akakaa, mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyefika msibani asiyejua msiba ni wa nani.

"Agiza kitu!" nikamkemea. "Wewe huna chaki! Kidirisha cha kuagizia kile pale, agiza chochote!"

"Sijui ninataka nini."

"Kiatu! Kabati! Sufuria!"

"Sitaki sufuria," akasema kwa huzuni ya kweli.

Na hapo ndipo nilipoona lile swali langu la siku zote likigeuka kunitazama. Nilikuwa nauliza kama mtu yupo kwa sababu anafikiwa. Lakini Machano alifikiwa kila siku! Alifikiwa, akatazamwa, akachezewa mguu. Na bado alikuwa amekaa pale mtupu, kwa kuwa chochote kilichomtaja kilikuwa kinamtaja mwingine. Bibi Kidawa hakuwahi kufikiwa hata siku moja, naye alikuwa amejaa tele. Tofauti yao nini? Kutaka? Kupaza sauti ukasema, ya shaba, isiwe ya bati? Huenda kule kutamka ndiko. Huenda mtu huanza siku anayotaja anachokitaka, akaona aibu, na asirudi nyuma. Niliyawaza haya yote Bwana Pandu akiwa anainua kikombe, na nilimwona akirudisha kichwa nyuma, kama mtu anayetafuta tone la mwisho.

Machano alikuwa anamtazama Bibi Kidawa. Bibi alikuwa akimsimulia Vuai habari za shaba na bati. Sijui Machano aliona nini hapo. Aliinuka ghafla, akaenda kwenye kidirisha kwa hatua ndefu, akaingiza kichwa chote, akanong'ona.

Kikombe kikagonga ngazi. "Haya," akasema Bwana Pandu.

Nyayo zikaniwasha.

Nilikwenda Mzizi kama inavyotakiwa, nikashuka kama inavyotakiwa, Vuai akiwa mbele yangu anakimbilia kiti chake ili aweze kuinuka vizuri. Nikasimama mlangoni.

"Wa kiti cha nguzoni!"

Vuai aliruka juu kana kwamba kiti kimemng'ata. Kule juu nilisikia kitambaa kikisugua bega la bibi, chaki ikitoka.

"Wa kiti cha dirishani!"

Kimya. Mtu mmoja akapiga miayo. Nikaita tena. Nikafikiria mikono ile mirefu juu ya magoti. Nikaita mara nyingine, bila kazi wala kanuni, nikimwomba tu mtu ainuke.

Nyuma kabisa kwenye safu mpya, dada mmoja akasimama, bado anafunga uzi kwa meno. "Samahanini," akasema, "ndiyo kwanza nafika."

Nikataka kumbusu. Nilimuuliza ni agizo la nini, akacheka akasema twende tu kwa Vitu. Tukashuka. Karibu na tarumbeta, kwenye nafasi iliyokuwa wazi asubuhi ile, palikuwa na ngoma ndogo, ya kubanwa kwapani, ngozi yake bado ina joto.

Tukakusanyika wote ukumbini mbele ya kioo, koo mbili kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa kuwa mwenye kidole huko nje, nadhani, alichanganyikiwa akabonyeza mara mbili. Bibi Kidawa akaipokea tarumbeta yake kwa mikono miwili. Akaweka mdomo, akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Bwana Machano alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mashavu, bibi, mashavu! Usiogope."

"Na wewe ngoma hiyo uliagiza ya nini?"

"Ya kukusindikiza," akasema, akaibana kwapani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiona aibu. "Nimesema isiwe kubwa, isije ikakufunika."

Akaanza kuigonga taratibu. Bwana Pandu alikuwa anapita katikati yetu na chaki mkononi, anahangaika. Tarumbeta alijua pa kuiweka, chini ya kiti cha nguzoni. Ngoma alijua pa kuiweka, chini ya kiti cha dirishani. Lakini kiti na kiti havina tawi kati yao, havijawahi kuwa nalo, na zile sauti mbili zilikuwa zinasubiriana.

"Na hii ya pamoja," akauliza, "naiweka chini ya nani?"

Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, lakini Bibi Kidawa alikuwa ameshajaza mashavu, na safari hii tarumbeta ikalia.